Maputo ya Mzee Bujiku

Jumatatu, 1 Juni

Leo sikubeba jiwe hata moja. Niandike tena ili niamini: leo sikubeba jiwe hata moja.

Mwaka wa tatu sasa tangu nitoke Lindi kuja kuchimba dhahabu. Dhahabu sijaichimba. Nimeibeba tu, ikiwa bado ndani ya mawe, mawe ndani ya mfuko, mfuko mgongoni, kutoka shimoni hadi kwenye karasha. Karasha linasaga mawe. Vumbi linaingia kifuani mwangu, dhahabu inaingia mfukoni mwa mwenye karasha. Kila mtu na fungu lake.

Sasa nipo kwa Melania, ambaye hapa Buseresere wote tunamwita Mama Juliana. Anapamba harusi. Vitambaa, maua ya plastiki, na zaidi ya yote maputo. Wiki iliyopita alinichukua kibarua cha kubeba viti. Pampu yake ikafa katikati ya kazi, nikapuliza maputo kwa mdomo mpaka maharusi wakaingia. Akasema hajawahi kuona kifua kama hiki. Sikumwambia kimejaa nini.

Tatizo ni Adam. Adam ni Msukuma wa Mhunze, zamani alikuwa kinyozi, na kwa kuwa ametangulia kwa Mama Juliana anajiona yeye ndiye aliyebuni puto. Nikiri, lango lake la maputo linasimama vizuri. Lakini hawezi kutamka neno. Anasema halusi. Anasema langi. Leo aliniagiza nimsogezee kalatasi. Mimi, mtu wa Pwani, niliyezaliwa ndani ya Kiswahili, naagizwa na mtu wa kalatasi.

Jioni Mama Juliana alituita wote wawili. Jumamosi tunapamba harusi ya Lusia, binti wa Mzee Bujiku, anayeolewa na Masalu wa Samuye. Harusi kubwa, mahema mawili, nyumbani kwa mzee. Baada ya harusi hiyo anafungua duka la pili Katoro, na mmoja wetu atalisimamia. Yule mwingine, akasema, atajitafutia riziki kwingine. Aliposema hivyo alikuwa anaitazama mikono yangu, jinsi ilivyokunja ua la plastiki likakatika shingo.

Kwingine maana yake karasha. Sirudi karasha. Naapa kwa mgongo wangu.

Jumanne, 2 Juni

Mpango wa kwanza: pumzi.

Nilimwambia Mama Juliana asinunue pampu mpya. Puto la pampu, nikasema, ni upepo tu. Puto la mdomo lina pumzi ya mtu ndani, na pumzi ya mtu ina baraka, hasa kwa maharusi. Alifikiri kidogo. Akasema sawa, nimwonyeshe.

Nilipuliza tangu chai ya asubuhi. Mwanzoni wote walinitazama kwa heshima. Kisha kuta zikaanza kutembea. Kisha nikawaona Adam wawili, na hata mmoja huwa ananizidi. Nilizinduka nimelala juu ya maputo ya rangi ya waridi, na yaliyokuwa chini yangu yote yamepasuka. Adam alikuwa ananipepea kwa kifuniko cha ndoo. Akaniambia, pole Mswahili, baraka zimekuishia.

Hapa ukitoka Pwani wanakuita Mswahili. Sijui wao wanajiita nani wanapozungumza na Mungu.

Mchana nikafundishwa kufunga mafundo. Vidole vyangu vinajua fundo la mfuko wa mawe, ambalo ukilikaza halifunguki mpaka kisu. Puto halitaki fundo hilo. Adam akasema kwa sauti ya upole, ile inayoudhi zaidi, kwamba hili ni puto, si gunia, halitoroki.

Mama yangu alipiga simu kutoka Lindi. Aliuliza bado nabeba mawe? Nikajibu kwa majivuno kwamba siku hizi nipo kwenye maputo. Akauliza, Maputo ya Msumbiji? Nilivuka mto lini, na hati ya kusafiria nilipewa na nani? Kabla sijaeleza salio lake likaisha. Jioni dada yangu akatuma ujumbe kwamba mtaa mzima umesikia nipo nchi ya nje, na shangazi anaomba vitenge.

Sijajibu. Nchi ya nje ina heshima yake.

Jumatano, 3 Juni

Mpango wa pili: kompresa.

Mama Juliana kanunua pampu mpya na kampa Adam. Nikaona nikikaa kimya Katoro imekwenda. Nikachukua maputo meupe, yale ya sherehe ya mtoto wa mwalimu ya leo mchana, nikayapeleka kwa fundi wa pancha pale stendi. Kompresa yake hujaza gurudumu la lori kabla dereva hajamaliza kahawa. Kwa maputo ilikuwa mchezo. Niliona Adam atakavyokuwa bado anasukuma pampu yake ya mkono huku mimi nimekaa, nimekunja nne.

Sikujua kwamba kompresa ya pancha haitoi upepo peke yake. Inatoa na mafuta, na kutu, na vumbi la barabara ya Biharamulo. Maputo yaliingia meupe, yakatoka na ukungu wa kijivu, kama jicho la mzee.

Mama Juliana aliniambia niyafute. Nikafuta na kitambaa, nikafuta na sabuni. Adam aliniacha nifute muda mrefu ndipo akaniambia uchafu uko ndani.

Muda wa kupuliza mengine haukuwepo. Tukayatundika hivyo hivyo. Mimi nikasimama nyuma ya mlango tayari kukimbia. Mke wa mwalimu akaingia, akayatazama, akauliza hii ni rangi gani. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema: fedha, mama. Fedha ya Dubai. Imeingia juzi.

Akapenda. Akapiga picha. Akauliza kwa nini hatukumwambia mapema kwamba kuna fedha.

Tulipofika dukani Mama Juliana akacheka peke yake, akasema mimi nina bahati ya mlevi. Nimeiandika hapa kama sifa. Adam hakucheka.

Alhamisi, 4 Juni

Siku kubwa. Nimemshinda Adam mchana kweupe, kwa lugha.

Mzee Bujiku alipiga simu asubuhi, Mama Juliana akaiweka kwa sauti kubwa ili sote tusikie. Baada ya salamu na mwangaluka nyingi za Kisukuma, mzee akasema anataka maneno ya maputo sehemu mbili, yale maputo ya herufi yanayong'aa. Kwenye lango, majina ya maharusi. Kwenye hema kubwa la wageni, akasema, mniwekee "kalibuni kula", kubwa kubwa, mtu akiwa mbali aone.

Adam akaenda stoo, akatoa herufi tulizonazo, akazipanga sakafuni kama alivyosikia: KALIBUNI KULA.

Nilisimama pale nikaionja hali hiyo kwanza. Kisha nikamwuliza taratibu, ndugu Adam, hicho ni kitu gani? Akasema ni kalibuni. Nikamwambia asome tena. Akasoma, kalibuni. Nikamwita Mama Juliana. Mama Juliana alitazama sakafu, akashika mlango kwa kicheko, akasema Adam baba, ungetutia aibu mbele ya walimu wote wa kata. Akaiondoa ile L mwenyewe kwa ncha ya kiatu. Akasema kuanzia leo mambo ya herufi ni ya Zamoyoni, yaani mimi. Mswahili ndiye mwenye Kiswahili.

Ndiye mwenye Kiswahili. Nimesikia kwa masikio yangu.

Nikatumwa Katoro kununua herufi zilizopungua. Njiani, nyuma ya bodaboda, nikafikiri. Watu hawa kila penye R wanaweka L. Harusi, halusi. Rangi, langi. Karibuni, kalibuni. Basi mtu akiniambia jina lake ni Lusia, na bwana harusi ni Masalu, mimi mwenye Kiswahili niamini tu?

Muuza herufi pale Katoro ni dada mmoja anaitwa Shadya, mwenyeji wa Tanga. Nikafurahi, mtu wa kwetu. Nikamwambia anipe R kadhaa, na zile nyingine za kuandika RUSIA na MASARU. Akauliza ninapamba harusi au ubalozi. Nikamweleza kuhusu watu wa bara na ulimi wao. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hajui mambo ya ndimi, yeye anauza herufi, na zikishatoka dukani hazirudi. Akauliza kama sitaki na L za akiba. Nikamwambia L kwetu zimejaa.

Niliporudi nikamkuta Mwigulu, ninayepanga naye chumba, ametoka karasha mweupe kwa vumbi mpaka kope. Nikamhadithia. Akasema angalia sana kwa Mzee Bujiku, wiki hii hataniwi. Jumatatu chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kinachagua mwenyekiti. Bujiku anagombea, na anayeshindana naye ni jirani yake Mzee Mageni. Wanasalimiana kwa ncha ya vidole. Tena kanuni ya chama inasema mgombea akikutwa anawalisha wapiga kura, anajiharibia.

Nikamwambia mimi na siasa za pamba wapi na wapi. Mimi ni mtu wa herufi.

Ijumaa, 5 Juni

Tumeshinda kwa Mzee Bujiku tunapamba. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kreti ya soda nyuma ya hema kubwa, kazi imekwisha, jua linazama. Nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi haikuwa nzuri. Adam alijenga lango, maputo meupe na ya dhahabu, yamepinda kama upinde wa mvua. Juu yake nikapanga RUSIA NA MASARU. Nikarudi nyuma kutazama. Macho yangu yalijaa machozi kidogo.

Akapita binti mmoja na ndoo ya maji kichwani. Akasimama, akasoma. Akauliza, Rusia ni nani? Nikamwambia ndiye bibi harusi, mtoto wa mwenye nyumba. Akasema mtoto wa mwenye nyumba ni yeye.

Nikamshikia ndoo ili nimweleze vizuri. Nikamwambia si kosa lake, wala si la wazazi, ni ulimi tu wa huku. Jina lake hasa ni Rusia. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyevaa kofia. Akasema amebatizwa Lusia na padri, na padri huyo alikuwa Mzungu, hakuwa na ulimi wa huku. Na bwana wake akiingia hapa akasoma Masaru, atauliza huyo Masaru ndiye mwanaume gani mwingine anayemwoa kesho.

Adam alikuwa juu ya ngazi. Akashuka makusudi ili acheke akiwa chini.

Mama Juliana hakufoka. Alisema herufi zirudi zilivyo, upesi, na akaenda kusimamia keki. Nikatoa R zangu mbili. L zikatoka wapi? Ile ya kalibuni ilikuwa mfukoni, ikaenda kwa Lusia. Nyingine nikaing'oa kwenye KULA, ikaenda kwa Masalu. Maharusi wakatulia.

Lakini hema kubwa likabaki linasema KARIBUNI KU A. Katikati pengo, kama mtoto aliyeng'oka jino.

Adam akaja kuuliza kama nina L nyingine. Nikamwambia ashughulike na maua yake. Kumwambia ukweli ilikuwa sawa na kumkabidhi Katoro kwenye sahani. Akajitolea kwenda dukani kwa pikipiki. Nikakataa. Nikakaa kwenye kreti, nikazitazama R mbili mkononi.

Ndipo akili ilipofunguka.

Mzee Bujiku ni Msukuma. Msukuma akisema kula, anaweza kuwa anataka kula, au anaweza kuwa anataka kura. Jumatatu ni uchaguzi. Mzee anagombea. Sasa mtu mzima mwenye akili, ana pilau sufuria tatu na ng'ombe wawili wameanguka, anahitaji maputo ya kuwaambia watu wale? Chakula hakina haja ya tangazo, kinanuka chenyewe. Kisichonuka ni kura. Hicho ndicho kinachotaka maandishi makubwa, mtu akiwa mbali aone. Mzee alikuwa anatuambia kwa fumbo, na fumbo hilo limemsubiri mtu wa kulielewa.

Ningeweza kumwuliza. Lakini ukimwuliza mzee fumbo lake mbele ya watu umelivunja. Na Adam alikuwa karibu, angesikia, angesema na yeye alijua.

Nikaweka R. Imekaa kana kwamba ilizaliwa pale.

KARIBUNI KURA.

Kesho mzee akiliona atauliza nani kaandika. Nitainamisha kichwa tu.

Jumamosi, 6 Juni

Naandika haya nikiwa nyuma ya zizi la Mzee Bujiku. Sijajificha. Kuna kivuli.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Maharusi walipita chini ya lango, vigelegele, ngoma, picha. Wageni wakajaa hema kubwa. Wengi hawakusoma chochote, mtu mwenye njaa hasomi. Sahani zikaanza kupita. Nikamwona Mzee Mageni mstari wa mbele, amevaa koti, kaja kwa ujirani mwema. Kijana akamwekea sahani ya pilau magotini. Mzee Mageni akainua macho kushukuru Mungu, na kule alikoinua macho ndiko nilikotundika.

Akasoma. Akaishusha sahani chini taratibu, kama mtu aliyekuta nyoka ndani yake. Akasimama. Akasema yeye alikuja harusini, hakujua kumbe ni kituo. Akasema wanachama wa ushirika waliomo humu waangalie sana kijiko, kila tonge lina jina la mtu.

Hema lote likageuka kusoma.

Sijawahi kuona chakula kinavyoogopwa. Upande mmoja watu waliweka sahani chini ya viti. Mwanamke mmoja alirudisha kipande cha nyama kwenye sinia, akakifuta kwanza. Upande wa pili, wale watu wa Bujiku, wakaanza kuomba sahani ya pili, wakisema wao hawana siri. Mshehereshaji, badala ya kunyamaza, akashika kipaza sauti akasema jamani wageni, tunaomba tuendelee kula. Na yeye ni mtu wa Mhunze kama Adam. Hakuna aliyejua anaomba lipi.

Mzee Bujiku akatoka mbio jikoni. Aliposoma, mkongojo ulimwanguka. Akasema kwa sauti ambayo ng'ombe huku zizini waliinua vichwa:

"Mimi nilisema kula. Sikusema kula."

Mzee Mageni akamjibu kwamba ndiyo hiyo hiyo, hiyo kula ndiyo wanayoikataa. Bujiku akasema si kula hiyo, ni kula. Mageni akasema kwa hiyo anakiri. Bujiku akasema anakiri nini, mtu hawezi kula nyumbani kwake? Watu wa nyuma wakauliza kwani amepigiwa wapi hizo kula. Nilitamani nipande kwenye kiti niwaeleze tofauti, maana pale nilikuwa mtu pekee anayeweza kuitamka. Miguu yangu iliamua vinginevyo.

Lakini kabla sijafika mlangoni nikaona jambo. Pale mbele baba wa Lusia na jirani yake wanaelekea kushikana makoti, ukoo wa Samuye umeanza kunong'ona kwamba hawajawahi kwenda ukweni wakanyimwa kula au wakanunuliwa kwa kula, na bwana harusi hajui aketi au asimame. Lusia aliinuka. Gauni jeupe, shela, kila kitu. Akaiokota ile sahani ya Mzee Mageni chini, akaipangusa ukingo kwa shela, akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi.

Akamwambia, shikamoo baba.

Mzee Mageni akajibu marahaba mwanangu. Afanyeje.

Lusia akasema yeye si mwanachama wa ushirika, hana kura ya kuomba wala ya kutoa. Ana pilau tu. Ameolewa leo, na baba yake huyu wa jirani, aliyekuwa akiwafukuza mbuzi wa kwao kwenye pamba yake tangu yeye yuko mdogo, asipokula, ataondoka nyumbani kwao na njaa ya mtu.

Maputo yakasikika yanasuguana. Mzee Mageni akachukua kijiko. Akala. Akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, mwanangu, ina chumvi ya kutosha. Ndipo sahani zote zikatoka chini ya viti, na wote wakala, kwa L.

Adam alipanda ngazi akaing'oa ile R. Ikapasuka mkononi mwake. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Mtu anakuja huku zizini. Ni Mama Juliana. Nafunga daftari.

Jumapili, 7 Juni

Katoro anakwenda Adam.

Mama Juliana aliniita dukani baada ya misa. Alinipa chai na andazi, nikajua hakuna jema. Nilimwambia mambo yangu kabla hajaanza yake. Kwamba hakuna harusi wilaya hii iliyozungumzwa kama ile. Kwamba mtu asiyekosea ni yule asiyepamba. Kwamba Adam alikosea kalibuni na bado yupo.

Akasema Adam alipokosea alikuwa amepanga sakafuni ili tumwone. Mimi nimekosea angani. Akasema hanifukuzi kwa ajili ya R. Ananifukuza kwa kuwa palikuwa na mwenye nyumba hatua chache kutoka pale, na pikipiki ya Adam ilikuwa na mafuta, na mimi sikumwuliza hata mmoja. Mtu asiyeuliza, akasema, hawezi kuachiwa duka, na yeye Katoro hatakuwepo kumchungulia.

Maneno mengi. Nimeyatafakari nikiwa nimelala. Sikuona linalonihusu. Kuuliza ni kazi ya asiyejua.

Adam alinisindikiza mpaka barabarani. Nilidhani atanicheka. Akasema pole kaka, na kwamba mtu akifika Katoro asipite bila kumsalimu. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, kama neno "bahali" linaandikwa kwa L au R. Nikamwambia inategemea.

Jumatatu, 8 Juni

Karasha.

Mawe hayajabadilika. Msimamizi alinipokea bila kuniuliza nilikuwa wapi, akanionyesha rundo kwa kidevu. Mfuko wa kwanza uliponikalia mgongoni nilisikia kila mfupa ukiutambua. Kifua nilichopulizia maharusi kimerudi kwenye kazi yake ya kuvuta vumbi. Mchana nilikaa kando ya mtambo nikajiuliza mtu hubeba mawe mpaka umri gani. Mzee anayechekecha pale ana mvi. Sikumwuliza.

Alasiri habari zikaja. Mzee Mageni ameshinda uenyekiti wa ushirika. Wanasema wanachama wengi waliogopa kumpigia Bujiku, isije ikaonekana walimpigia kwa ajili ya nyama. Waliokula sahani mbili ndio walioogopa zaidi.

Mzee Bujiku, anasema Mwigulu, anamtafuta Mswahili mmoja. Anataka kumpa mkongojo wake. Nimemwambia Mwigulu hapa wapo Waswahili wengi.

Jumanne, 9 Juni

Nilijua. Ukweli ukikaa chini ya maji unaibuka wenyewe.

Mwigulu alipita kwa mwenyekiti mpya leo asubuhi, akaulizwa kama anamfahamu yule Mswahili wa herufi. Mzee Mageni alicheka sana, akasema kwa vyovyote vile mtu yule amemsaidia, na yeye si mtu wa kusahau fadhila. Aje kwake kesho alfajiri. Kuna kazi ya pamba, msimu mzima.

Hayo ndiyo maneno aliyoniletea Mwigulu, neno kwa neno: kazi ya pamba.

Nilicheka kwa upole. Nikamweleza Mwigulu kwamba watu wa huku si kwamba wanabadili herufi tu, silabi nazo wanazimeza. Mzee kasema pamba, lakini anayejua Kiswahili anasikia anachotaka kusema: kupamba. Mwenyekiti mpya lazima ana sherehe ya ushindi, na baada yake mikutano, wageni wa mkoa, na mahema. Msimu mzima wa mapambo, na Adam hayupo.

Mwigulu akaniangalia. Akauliza kama nina uhakika. Akasema mzee alitaja pia magunia. Nikamwambia ndiyo, maputo mengi hubebwa kwenye magunia, hata Mama Juliana anafanya hivyo. Akasema mzee alisema nije na nguo chakavu na mgongo mzima. Nikamwambia kupanda ngazi kunataka mgongo. Akasema ghala limejaa mpaka mlangoni. Nikamwambia basi ni ukumbi mzuri, utahitaji lango.

Mwigulu akaketi kitandani, akafunika uso kwa shuka, shuka likawa linatikisika. Wivu. Yeye ataendelea na mawe.

Nimekwenda kwa msimamizi wa karasha, nimemwambia kesho asinihesabu, wala kesho kutwa, wala kamwe. Nimemwambia na mengine niliyokuwa nimeyaweka miaka mitatu. Hawezi kunirudisha tena hata akitaka, na hataki.

Kisha nikapita dukani kununua maputo, nisiende kwa mwenyekiti mikono mitupu. Nikamwuliza Mwigulu, maana wao ni kabila moja, Mzee Mageni atapenda rangi gani.

Akasema nyeupe, kaka. Huko kote ni nyeupe, kuanzia sakafuni mpaka kwenye bati.

Nimechukua nyeupe.